Nilimpigia Mara Tatu

Mwokaji alikuwa na siku kumi na moja mahabusu kwa kosa la kuua, na karatasi iliyomweka huko haikuwa na ukweli. Aliyeiandaa karatasi hiyo ni Sajini. Asubuhi ile alikuwa hajui. Kabla ya saa sita mchana alikuwa anajua yote.

Mambo yalianzia kwa daktari wa maiti, mtu mfupi mwenye tabia ya kuongea huku ananawa mikono. Sajini alikwenda kuchukua ripoti kamili ya mtunza stoo wa kiwanda cha mikate, yule aliyekutwa amelala chini ya ngazi ya stoo ya unga, kisogo kimepasuka. Alitegemea kusaini, kupewa bahasha na kuondoka.

"Jeraha moja," daktari alisema.

"Matatu."

"Nani kakwambia matatu?"

"Mshukiwa mwenyewe. Amekiri. Alimpiga mara tatu."

Daktari akafunga bomba. "Basi alimpiga mara moja akakosa mara mbili. Mimi nimemkagua kuanzia utosi mpaka unyayo. Kisogo, pigo moja, kitu chenye ukingo. Chaweza kuwa nondo, chaweza kuwa ngazi yenyewe. Kwingineko hana hata mchubuko."

"Hujakosea?"

"Maiti hawabishani, Sajini. Ndiyo maana niliichagua kazi hii."

Sajini alirudi kituoni, akafunga mlango wa ofisi na kulifungua jalada. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kwa sababu shule aliiacha mapema na kusoma kulikuwa kwake kama kupanda mlima na mzigo. Ukurasa wa pili ulisema: *Tuligombana kwa sababu ya unga uliomwagika. Kwa hasira, nilimpiga mara tatu. Alipokuwa kimya, hatimaye nikaachana naye.* Chini palikuwa na saini ya mwokaji, imepinda kama mkia wa mjusi.

Kwa ajili ya mstari ule wa kwanza, Sajini alikuwa ametuma askari wawili wakatafute unga uliomwagika stoo. Kutafuta unga uliomwagika katika kiwanda cha mikate ni kama kutafuta maji mtoni. Walirudi na picha arobaini za unga na viatu vyeupe.

Karatasi hiyo aliiandika Karani. Karani hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kompyuta iliyoletwa kituoni mwanzoni mwa mwaka: unaipa sauti ya mahojiano, inakupa maandishi, unaiuliza, inakujibu. Kazi iliyokuwa ikimchukua Sajini siku mbili kwa kidole kimoja, Karani aliimaliza kabla chai haijapoa. Jalada la mwokaji lilifungwa siku ya pili. Kwenye gwaride Mkuu wa kituo alilinyanyua juu wote walione. "Igeni mfano wa Sajini," alisema. Watu wakapiga makofi.

Sasa Sajini aliandika, kidole kimoja: *Daktari anasema jeraha ni moja. Maelezo yanasema mara tatu. Inawezekanaje?*

Karani hakuvuta hata pumzi. *Inawezekana kabisa. Huenda mapigo mawili ya kwanza yalitua begani na kupunguzwa nguvu na koti zito la kazi alilovaa marehemu.*

Mtunza stoo alikutwa na fulana. Sajini mwenyewe aliishika ile fulana kwa mikono yake.

Akaandika: *Una hakika na koti?*

*Samahani kwa kukuchanganya,* Karani alijibu. *Marehemu hakuwa na koti.*

Sajini alilisoma jibu lile tena. Hakuwa amemwambia Karani kwamba hapakuwa na koti. Alikuwa ameuliza tu, na jibu lilikuwa limegeuka upande wa pili kama mlango usio na kitasa. Akachukua jalada, akapanda ngazi.

Ghorofani alikuwa Betri, fundi wa kompyuta wa kituo, mama wa watoto wawili, aliyepewa jina hilo kwa sababu maneno yake hayakuishiwa chaji.

"Karani ni mwongo," Sajini alisema.

"Hajafikia hapo. Mwongo ni mtu anayeujua ukweli halafu anauficha. Kaa, afande. Haba na haba?"

"Nini?"

"Malizia."

"Hujaza kibaba."

"Umewahi kushika kibaba mkononi?"

"Sijawahi."

"Lakini umejua kinachofuata. Basi huyo ndiye Karani, kutwa kucha. Amelishwa maandishi ambayo ukoo wako wote ungeyasoma mpaka kiama yasiishe. Usidhani ameyapanga kabatini kama majalada. Alichobaki nacho ni mazoea: maneno haya yakitangulia, lipi huwa linafuata. Anatoa kipande, anayatazama yote yaliyotangulia, anatoa kingine. Anakwenda hivyo mpaka nukta."

"Fulana ameigeuza koti."

"Kwani yeye aliiona? Marehemu wa stoo, mapigo, jeraha moja. Koti linakaa vizuri hapo. Kwake kukaa vizuri ndiyo mwisho wa safari. Hebu tazama."

Aliandika swali moja mara tatu: marehemu alivaa nini. Mara ya kwanza lilikuja koti. Mara ya pili aproni. Mara ya tatu shati la buluu, mikono imekunjwa.

"Angalau angesema hajui," Sajini alisema.

"Wakati mwingine husema. Ila hata hilo 'sijui' lake ni maneno tu kama mengine, huwezi kuliegemea. Unamjua yule jamaa wa kijiweni? Muulize njia ya mahali asipopajua. Atakuelekeza mpaka kona ya mwisho, tena kwa mkono, na utamshukuru."

"Lakini sauti nilimpa. Aliisikia."

"Sauti hugeuzwa maandishi kwanza. Penye kelele panabaki pengo, na pengo hujazwa na kinachozoeleka. Ulikuwa na feni?"

"Kulikuwa na joto."

"Haya, feni. Tena Kiswahili alicholishwa ni haba kuliko lugha za wakubwa, na kingi ni cha magazeti na hotuba. Maneno ya watu wa tanuri hayajui." Betri alivuta kiti karibu na skrini. "Sasa tuone ulimwambia nini. Huwa anatunza kila kitu ulichomwagiza."

Akatafuta tarehe. Maandishi ya Sajini yakatokea, mstari mmoja. Betri aliusoma kimoyomoyo, kisha akasoma kwa sauti, bila haraka:

"'Andika maungamo ya mshukiwa wa mauaji kutokana na sauti hii.'"

Sajini aliinama akausoma mstari ule mwenyewe, kidole kwenye skrini.

"Uliandika maungamo, afande."

"Nilimaanisha maelezo."

"Uliandika maungamo. Kabla hajasikia neno hata moja, ulishamwambia ni mauaji na kwamba mtu amekiri. Kwenye maungamo ya mauaji, baada ya 'nilim-' kunafuata nini? Si 'nilimpikia'." Hakucheka. "Uliomba maungamo, umepewa maungamo. Mtumishi gani mtiifu kuliko huyo?"

Sajini alivua kofia, akaiweka mapajani, akaigeuza ndani nje.

"Sauti yenyewe umeisikiliza?" Betri aliuliza.

"Nilikuwemo chumbani."

"Sijakuuliza hilo."

"Sijaisikiliza."

Ilikuwa na urefu wa saa mbili na dakika kumi. Waliisikiliza pamoja tangu mwanzo. Betri alinyamaza, jambo ambalo kituo kizima kisingeliamini. Kwenye dakika ya arobaini na moja simu ililia. Kiti kikasogezwa. Sajini akaisikia sauti yake mwenyewe, ya mtu mwenye haraka: "Nazungumza na Mkuu. Wewe endelea tu, mashine inasikiliza." Mlango ukafungwa.

Ikabaki feni. Mtu akakohoa.

"Nianzie wapi," ilisema sauti ya mwokaji. "Haya." Alikuwa ameisogelea mashine kama mtu anayeongea dirishani. "Bosi alishasema nikichelewesha mkate tena nitamwaga unga. Sasa nafika, stoo imefungwa. Nikachukua simu. Nilimpigia mara tatu, kimya, nikaachana naye. Nikakanda ule unga wa jana uliobaki kwenye pipa."

"Rudisha," Sajini alisema.

Betri akarudisha. Feni ilikuwa imepita juu ya maneno, "simu" haikusikika vizuri na mwisho wa "nilimpigia" ulikuwa umemezwa. Lakini mtu aliyetega sikio angesikia.

"Umesikia?" Betri aliuliza.

"Nimesikia. Herufi moja."

"Na kumwaga unga?"

"Kufukuzwa kazi. Kila mtu anajua." Alisema hivyo akakumbuka zile picha arobaini.

Sauti iliendelea. Mwokaji alieleza alivyowasha tanuri, alivyopanga trei, alivyosikia kelele stoo ilipofunguliwa na maiti kuonekana. Kisha akawa hana la kusema. "Afande, upo?" aliuliza. Feni ikazunguka. "Basi nasubiri." Akasubiri. Dakika ya hamsini na mbili mlango ukafunguka, na sauti ya Sajini ikauliza: "Umeshasema yote?"

"Nimeshasema yote, afande."

Hapo ndipo Sajini alipoteleza, na sasa aliona kila hatua ya kuteleza kwake. Mtu yule alikuwa amekana mwanzo wa mahojiano na akakana mwisho. Karatasi ilipotoka na maungamo katikati, Sajini alijiambia kwamba binadamu huona haya kukiri mbele ya mwenzake, ameona afadhali akiri kwa mashine. Akaona hata ni jambo la busara. Akampelekea karatasi mwokaji, ambaye macho yake yaliharibiwa na moto wa tanuri na hasomi maandishi madogo. Sheria inataka msemaji asomewe maelezo yake kabla ya kusaini. Sajini alimwambia: "Ni yale uliyoyasema ukiwa peke yako." Mwokaji akajibu: "Kama ndiyo yale, sawa." Akasaini.

"Usimlaumu Karani," Betri alisema.

"Sijamlaumu. Si yeye aliyetoka chumbani."

Alishuka chumba cha vielelezo. Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni mwake siku ile, nayo iliwekwa kwenye bahasha, ikafungwa, ikapewa namba. Haikuwahi kuwashwa. Mtunza vielelezo, mzee aliyekaribia kustaafu, aliitoa huku ananung'unika.

"Nilikuuliza tangu siku ya tatu kama naweza kuichaji. Ukasema ya nini, mtu kashakiri."

"Nilisema hivyo?"

"Nimeandika kwenye daftari langu. Nikusomee?"

"Usinisomee."

Waliichomeka kwenye umeme, wakakaa wakiitazama kama watu wanaosubiri maji yachemke. Ilipowaka, Sajini alifungua orodha ya simu. Simu zisizopokelewa zilikuwa tatu, zote alfajiri ya siku ile: saa kumi na dakika tano, na kumi na nane, na thelathini na moja. Mpigaji alikuwa ameandikwa "Tanuri". Sajini alimwomba mzee amtajie namba ya mwokaji kutoka kwenye jalada, tarakimu moja moja. Zote zilikubaliana.

Chini ya hizo palikuwa na simu moja iliyopokelewa, saa tisa na dakika hamsini, namba isiyo na jina, sekunde arobaini. Kwa hiyo mtunza stoo alikuwa hai dakika kumi na tano kabla ya mwokaji kuanza kupiga, na kuna mtu aliyemwamsha. Huo ndio uliokuwa mwanzo halisi wa upelelezi. Ulikuwa umelala kwenye bahasha siku kumi na moja.

Sajini aliipiga namba ile. Haipatikani. Akaenda kiwandani, akavuka barabara mpaka duka la vifaa vya ujenzi lililotazamana na mlango wa stoo, lenye kamera juu ya bango.

"Picha za alfajiri ile ninazihitaji," alimwambia mwenye duka.

"Kamera yangu inatunza siku saba tu, afande. Baada ya hapo inaandika juu ya zile za zamani." Mwenye duka alikuwa anapima misumari, hakuacha. "Nilikuwa nawasubiri. Wiki nzima namwambia mke wangu, leo watakuja. Akaniambia hawaji, wana mtu wao."

"Ulitazama mwenyewe?"

"Mimi? Mambo ya polisi nitazame ya nini?"

Mahabusu kulikuwa na giza hata mchana. Sajini hakuwa ameshuka huko tangu siku ya saini. Askari wa lindo alifungua, na mwokaji akatoka nje ya chumba akikunja macho. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono yenye makovu ya trei, na sasa suruali ilikuwa inamvuka.

"Afande," alisema. "Umekuja."

"Kaa."

"Nimekaa siku kumi na moja. Acha nisimame."

Sajini alimweleza. Alitumia maneno machache na hakuruka kitu: feni, herufi moja, neno alilomwandikia Karani, simu iliyokuwa haijachajiwa. Alimaliza kwa kumwambia kwamba anaachiwa leo. Askari wa lindo, ambaye masikio yake yalikuwa marefu, akadakia: "Kumbe mashine ndiyo iliyokosea."

"Mashine haikukosea peke yake," Sajini alisema. "Nenda kasimame mlangoni."

Mwokaji alifikiri. "Mimi nilijua mtarudia kusikiliza. Kila siku nawaambia hawa walinzi, wakisikiliza tena watasikia. Wananiambia umeshasaini, tulia. Mlisikiliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Lini?"

"Leo."

Mwokaji alikiangalia kiganja chake. "Siku ile niliongea kwa adabu," alisema. "Nilidhani kuna mtu upande wa pili. Na kazi yangu?"

"Wameajiri mwingine. Juzi."

"Basi unga nimemwaga kweli." Akacheka kidogo puani. Sajini hakucheka. "Mama yangu anajua kwamba natoka?"

"Bado."

"Anajua niliingia?"

Hapo palikuwa pagumu. Sajini alisimama naye, kwa sababu kukaa kulikuwa hakumfai tena.

"Alikuja kaunta siku ya tatu," alisema. "Aliomba aambiwe umesema nini. Nilimsomea mimi. Akaniuliza, 'Haya ni maneno yake?' Nikamwambia ni maneno yake, mama, na saini ni yake."

"Akasema nini?"

"Alikunja kitambaa chake akashukuru. Alitoka hapa akaenda moja kwa moja kwa mjane wa mtunza stoo. Alipiga magoti mlangoni, waombolezaji wamejaa, akaomba msamaha kwa niaba yako."

Mwokaji aligeukia ukutani.

"Alipiga magoti," alisema. "Magoti yake mabovu yale."

"Ndiyo."

"Walimwinua?"

"Hakuna aliyemwinua. Alijiinua mwenyewe."

"Mama yangu ananijua miaka arobaini na miwili," mwokaji alisema, bado anatazama ukuta. "Wewe umemsomea dakika mbili."

Sajini alifungua kinywa. Lililokuja lilikuwa "samahani kwa kukuchanganya", akalisikia kabla halijatoka, akafunga kinywa. Kisha akasema, "Nitakwenda naye kwa mjane. Nitasema mbele ya watu wale wale."

"Utasema nini?"

"Kwamba hukusema. Kwamba nilimsomea uongo."

"Utasoma kwenye karatasi?"

"Hapana."

Mwokaji alirudishiwa mkanda, viatu, saa na simu yake kaunta. Alisaini kupokea. Safari hii alisukuma karatasi nyuma na kusema, "Nisomee kwanza," na Sajini akamsomea neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, watu watatu wakisubiri foleni nyuma yake na kusikia jinsi alivyosoma.

Alasiri Mkuu alimwita. Hakufoka, na kufoka kungekuwa nafuu. Aliuliza swali moja: "Majalada mangapi mengine uliyafunga namna hii?" Alipojibiwa, alitoa fomu ya taarifa kwenye droo, akaisukuma mbele ya Sajini. Yeye ndiye aliyelinyanyua lile jalada kwenye gwaride. "Andika," alisema. "Weka na hasara. Usimpe Karani."

Sajini aliandika kwa kalamu, herufi kubwa kubwa, mpaka ofisi nyingine zikafungwa. Kwenye sehemu ya hasara aliandika hivi:

Siku kumi na moja za mtu asiye na kosa. Kazi yake. Picha za kamera za alfajiri ile, zilizofutika siku nne zilizopita. Namba moja ya simu, haipatikani. Aliyemwamsha mtunza stoo, hajulikani. Kama mtunza stoo aliuawa au alianguka, haijulikani. Majalada mengine kumi na saba, saa thelathini na nne za sauti ambayo sikuisikiliza. Katika hayo, watu sita wako gerezani.

Alidhani amemaliza. Akaisoma tena tangu juu, akaona fomu imebakiza mistari miwili, akaitumia.

Mama mmoja alipiga magoti mlangoni kwa wafiwa kwa kosa ambalo mwanawe hakulifanya. Aliyemsomea maungamo ni mimi.